Mwalimu Kwenye Kiti Changu

Mwalimu Everlyn aliketi kwenye kiti changu Jumamosi moja ya Oktoba, saa tatu na robo asubuhi, na hakunitambua. Alivua miwani akaitia mkobani, akalegeza shingo, akasema anataka rasta ndogo ndogo za kufika mgongoni, rangi mbili zichanganywe, na awe ametoka kabla ya saa tisa.

"Utatoka, mrembo," nilimwambia. "Hapa kichwa kimoja tunakishika watu wanne."

"Na msinivute sana. Niko na kichwa laini."

"Hatutakuvuta."

Nilichukua chanuo nikagawa nywele zake katikati, kutoka paji la uso hadi kisogoni, mstari ulionyooka kabisa. Nilikuwa nimemngojea wiki tatu.

Naitwa Peres, lakini hapa Soko la Kenyatta jina hilo walishalisahau. Mimi ni Mama Anita. Nilizaliwa karibu na Ugunja, nikaacha shule darasa la saba baba alipoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akijenga na akawa hawezi tena kusimama. Nilipofika miaka kumi na saba nililetwa Nairobi kulea mtoto wa binamu yangu huko Woodley. Mtoto alipokua, binamu akanivusha barabara akanikabidhi kwa rafiki yake msusi. Mwaka mzima wa kwanza sikuruhusiwa kugusa kichwa cha mtu. Nilichambua nywele za pakiti, nikafagia, nikachemsha maji ya kuchovya ncha. Sasa ni miaka ishirini na tisa tangu nifike Nairobi. Vidole gumba vyangu vimepinda na magoti yanalia nikiinuka, lakini mstari wangu haujawahi kwenda upande.

Mume wangu Joash ni bawabu katika jengo moja la ofisi Upper Hill. Tunaishi Kawangware. Tulipoteza mimba mbili, moja ikiwa na miezi saba. Anita alikuja nikiwa na miaka arobaini na moja. Waliponiwekea kifuani nilimhesabu vidole, nikamaliza, nikaanza tena. Mtoto aliyekuja namna hiyo huachi kumtazama. Alichelewa kusema. Watoto wa majirani walikuwa wanatukanana na yeye bado ananyoosha kidole tu. Nilikuwa nikiamka kuweka mkono mbele ya pua yake nione kama anapumua. Alipotimiza miaka mitatu maneno yakaja, na nikamshukuru Mungu, lakini ile hofu haikuondoka. Ilikaa tu mahali pake ikingoja.

Alipofika umri wa shule nilimpeleka chekechea iliyoko Kilimani, nyuma ya maghorofa, katika nyumba ya zamani yenye uwanja mdogo wa nyasi. Mwenyewe ni mama mmoja mzee Mhindi, Madam Vidya, ambaye familia yake ilikuwa na duka la mbao miaka mingi. Kila mwaka huwa anatenga nafasi chache za watoto wetu wa sokoni. Nilipopata nafasi hiyo nilimshonea Anita sare mbili, nikamnunulia soksi jozi nne. Asubuhi nilimpeleka kwa miguu, saa nane mchana nikamfuata, na jioni yote alikuwa nami hapa kibandani. Hapa ndipo alipokulia. Anajua kazi yetu. Ukimwambia lete chanuo la mkia, analeta. Ukimwambia lete pakiti, anauliza namba.

Kwa sababu sisi wasusi hatutaji rangi. Nywele za pakiti zina namba, na namba ndiyo rangi. Moja ni nyeusi. Thelathini na tatu ni kahawia inayoelekea wekundu. Ishirini na saba ni ile ya asali. Mia tatu na hamsini inawaka kama chungwa lililoiva. Chati yake iko ukutani kwangu, vipande vya nywele vimefungwa kimoja kimoja na namba chini yake. Mteja akisema anataka "kahawia hivi," tunamwonyesha chati, anachagua, na kuanzia hapo ni namba tu.

Mwezi wa Septemba, Kitavi, mlinzi wa lango la shule, aliniambia mwalimu wa Anita ananitaka. Nilifurahi. Mwaka mzima nilikuwa nasimama langoni na mwalimu huyo hajawahi kunisemesha. Nilimkuta ofisini na rundo la karatasi, anaandika kwenye simu.

"Mama, weka sahihi hapo chini."

Ilikuwa fomu ya maendeleo ya mtoto, yenye sehemu nne. Mimi husoma polepole, lakini nasoma. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mwalimu: "Hatambui rangi; akiulizwa hutaja nambari ovyo. Hawezi kuhesabu, akionyeshwa vitu vitatu husema maneno yasiyo na maana. Haitikii anapoitwa. Husumbua wenzake kwa kuwashika vichwa." Sehemu ya pili ilikuwa ya mzazi. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko ule ule: "Mzazi hana maoni." Ya tatu, ya mtoto mwenyewe, ilikuwa tupu. Na ya nne: "Tumekubaliana arudie darasa na atafutiwe shule inayomfaa."

Lile nililokuwa nikiliogopa tangu Anita akiwa na miaka miwili, kwamba mtoto wangu ana kasoro, leo mtu mwingine alikuwa ameliandika kwa kalamu.

"Mwalimu," nikasema, "hapa pameandikwa sina maoni. Nani aliniuliza?"

"Mama, ziko fomu ishirini na mbili. Mzazi ambaye hajasoma nikimpa hii karatasi ataandika nini?" Hakuinua macho. "Mimi nimesomea hii kazi."

Sikuweka sahihi. Niliomba nakala, akanipa bila kubisha, labda ili nitoke. Katika dakika zile tatu hakuutazama uso wangu hata mara moja.

Nyumbani nilimpima Anita mwenyewe kama mwendawazimu. Hii ni rangi gani? Hivi ni vijiko vingapi? Nilipayuka mpaka akalia, na akilia hawezi kujibu, nami nikaona kumbe ni kweli. Joash alinishika mkono. "Peres, wacha mtoto alale." Nilimwacha. Mimi sikulala.

Siku mbili baadaye nilikuwa namsuka mteja, na Anita anacheza nyuma ya pazia la kibanda. Alikuwa amepanga pakiti sakafuni kama watoto darasani. Aliinua pakiti moja, akakaza sauti, ile sauti ya mwalimu kabisa:

"Anita, hii ni rangi gani?"

Akajijibu kwa sauti yake ndogo: "Thelathini na tatu."

"Hapana! Fikiria! Rangi gani?"

"Thelathini na tatu."

"Kaa chini. Kaa chini, Anita."

Na akakaa chini, peke yake, akakunja mikono.

Chanuo lilinianguka. Mteja aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, siumwi. Pale ndipo nilipoanza kumtafuta Mwalimu Everlyn, na si kwa ajili ya kuongea.

Nilijaribu kwanza njia ya heshima, mtu asije akasema sikujaribu. Nilikwenda langoni mara tatu. Mara zote aliniletea jibu kupitia Kitavi: mwalimu ana kazi, mzazi aweke sahihi. Mara ya tatu Kitavi, ambaye ni mtu mzuri, alinivuta pembeni.

"Mama Anita, orodha ya wanaoingia Gredi ya Kwanza inafungwa Jumatatu ya tarehe ishirini, saa nne. Jumanne yake kuna wageni. Huyu mwalimu ndiye atatangazwa mkuu wa walimu wa chekechea. Ndio maana anakimbiza hizi karatasi."

Mkuu wa walimu, wa kupigwa picha na wageni. Basi atahitaji nywele. Na katika Nairobi hii, mwanamke anayefanya kazi Kilimani akitaka rasta nzuri siku chache kabla ya kupigwa picha, anakuja wapi? Niliwaeleza wasusi wote wa safu yetu: mrefu, mwembamba, miwani ya fremu nyekundu, alama nyeusi juu ya mdomo. Akionekana, asiguswe na mtu. Aletwe kwangu.

Jacklyne ndiye aliyemwona, rafiki yangu wa kiti cha pili, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Hapa kwetu mteja akikanyaga tu lango, wasusi kumi wanamzunguka na chanuo na picha za simu. Siku hiyo walimfungulia njia kama bibi harusi.

Basi tukashika kichwa: mimi mbele, Jacklyne kulia, mabinti wawili wa kibanda cha pili nyuma. Anita nilikuwa nimempeleka upande wa nyama choma kwa mama mmoja anayeuza kachumbari, asionekane mapema. Vidole vilienda mbio. Sitasema sikumvuta. Pale karibu na masikio nilimvuta kidogo zaidi ya inavyohitajika, na kila alipokunja uso nilimwambia pole.

Mteja akikaa kwenye kiti huwa anasahau kwamba msusi ana masikio. Saa tano hivi simu yake ikalia.

"Eeh, Jumanne," alisema akicheka. "Ndiyo, mkuu wa walimu... Nimejaza zote ishirini na mbili, wiki moja... Wazazi? Hao wa sokoni? Hao hawana shida, wanaweka sahihi tu. Imebaki mmoja, kichwa ngumu, lakini Jumatatu nampeleka hivyo hivyo."

Jacklyne alinitazama. Upande wote wa kulia na mbele ulikuwa umekwisha, rasta zimelala vizuri kama mvua. Upande wa kushoto nywele zake zilisimama kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Niliinua mikono juu. Wale watatu wakainua yao.

"Kuna nini?" Mwalimu Everlyn alikata simu. "Mbona mmeacha?"

Nilizunguka nikasimama mbele yake. "Mwalimu, mimi ni nani?"

Alishtuka kusikia naitaja kazi yake. Alitafuta miwani, akaivaa, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe... si ndio msusi?"

"Endelea kuangalia."

"Muulize rangi," Jacklyne akasema. "Pengine rangi ataijua."

Kibanda kizima kilicheka. Nikaita kwa sauti, na Anita akaja mbio, mikono inanuka kitunguu.

"Tichaaa!" Akamrukia magotini akamkumbatia miguu. "Ticha umekuja kwetu!"

Sitasahau ule uso. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama kioo.

"Mama Anita," akasema polepole.

"Sasa umenijua. Mimi ndiye kichwa ngumu. Muulize Anita yale maswali ya darasani. Muulize hapa, kwao."

"Mama, hii si njia. Njoo ofisini Jumatatu tuongee vizuri."

"Jumatatu saa nne orodha inafungwa."

Mwalimu Everlyn akashika mkoba. "Basi nitamalizia kiti kingine."

"Enda, dada," Jacklyne akamwambia, akasogea ampishe. "Zunguka soko lote. Kichwa kilichoanzwa na mtu hapa hakishikwi na mwingine mpaka aliyeanza aseme sawa. Ukitaka, tutakusindikiza uone."

Hilo ni kweli, na lilikuwepo kabla sijafika sokoni. Ndilo linalotuzuia tusiibiane wateja. Mwalimu Everlyn alichungulia nje, akawaona wasusi wa safu nzima wamesimama na machanuo mkononi, wanamtazama. Akaketi tena. Alichukua pakiti moja mezani.

"Anita, hii ni rangi gani?"

"Thelathini na tatu."

Alivuta pumzi. "Unaona, Mama, hili ndilo nililo..."

Nilinyoosha kidole ukutani. Aligeuza kichwa, akaisoma ile chati. Akaisoma tena. Akaipindua pakiti iliyokuwa mkononi mwake akatazama namba iliyochapwa nyuma. Akachukua nyingine, safari hii ameifunika namba kwa kiganja.

"Hii?"

"Ishirini na saba."

"Na hii?"

"Moja. Hiyo ni rahisi, ticha."

"Hii?"

"Mia tatu na hamsini."

"Sawaaa!" walijibu wasusi wote kwa pamoja, mpaka wauza nyama wakaja kuangalia.

Nilimwekea pakiti tatu mapajani. "Muulize ni ngapi."

"Ni ngapi, Anita?"

"Kichwa cha mtoto," Anita akasema.

"Kichwa cha mtoto ni pakiti tatu," nikamweleza. "Wewe ulimwonyesha penseli tatu ukaandika ni maneno yasiyo na maana."

"Na kichwa cha mtu mkubwa, Anita?" Jacklyne akauliza.

"Sita. Lakini ticha ana kichwa kikubwa sana, sita hazitamtosha. Ataongezwa moja, zitakuwa saba."

Walicheka hata wateja waliokuwa na vichwa vimeinamishwa. Mwalimu Everlyn hakucheka. Alikaa na zile pakiti mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Mbona hukuniambia?" akaniuliza.

"Uliniuliza?"

Nilitoa fomu mpya. Kitavi alikuwa amenipa moja kutoka kabatini. Nikampa na kalamu. "Andika. Sehemu ya mzazi, nitasema na wewe utaandika."

Nikasema. Anita anajua rangi kumi na nne kwa namba zake. Anajua kugawa nywele kwa tatu, na ndio maana anashika vichwa vya wenzake: anawatafutia mstari. Anajua kuomba msamaha akimkanyaga mtu. Anaogopa mlango ukigongwa. Aliandika yote, mkono wake ukienda haraka, na kila sentensi nilimwambia anisomee. Tulipomaliza alirudi sehemu ya kwanza, sehemu yake, akaandika upya habari za rangi na za kuhesabu. Kisha kalamu ikasimama.

"Hili la kuitwa siwezi kuliacha, Mama Anita."

"Lipi?"

"Haitikii. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, hageuki. Si mara moja. Nilidhani ni kiburi. Lakini sasa namwona hapa, si mtoto wa kiburi."

Nilitaka kumtukana. Nilifungua mdomo, na badala ya tusi nikamwona Anita nyumbani. Jinsi anavyoweka simu sikio la kulia siku zote, hata mkono wa kulia ukiwa na chakula. Jinsi ninavyomsuka na nikimsemesha anageuza uso mzima, "Mama njoo huku." Akilalia ubavu wa kulia, mvua ya mabati haimwamshi. Akilalia wa kushoto, kijiko kikianguka anaketi. Haya yote nilikuwa nimeyaona, mimi ninayemhesabia mtoto pumzi, nikadhani ni mazoea yake tu.

Niliyasema kwa sauti. Mwalimu Everlyn aliinuka na kichwa chake cha nusu, akaenda nyuma ya Anita aliyekuwa anapanga pakiti. Kibanda kilinyamaza, hata Jacklyne. Akanong'ona upande wa kushoto, "Anita." Mtoto aliendelea kupanga. Akahamia kulia, sauti ile ile. Anita akageuka akatabasamu.

"Ulianza kuliona lini?" nikamuuliza.

"Muhula wa kwanza."

"Mwezi gani?"

"Februari."

"Hii ni Oktoba, Mwalimu."

Yeye alikuwa na nusu ya jambo, mimi nina nusu, na kati yetu kulikuwa na lango na mlinzi, na sentensi moja aliyoiandika ili amalize kazi mapema. Nilikuwa nimepoa kidogo kwa yale mambo ya rangi. Niliposikia Februari, hasira ilirudi upya, na safari hii ilikuwa tulivu.

Aliandika habari za sikio, akaweka sahihi, nikaweka yangu. Akaketi, tukashika tena kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti.

"Mama, usimvute ticha," Anita akaniambia.

"Simvuti."

"Mbona analia?"

"Ni mvuke wa maji."

Nilimsuka vizuri. Jina langu liko kwenye kila kichwa kinachotoka hapa. Lakini nyuma ya sikio la kushoto niliacha sehemu ya ukubwa wa kiganja bila kusukwa.

"Hapo nitamalizia Jumatatu, fomu ikishafika kwa Madam Vidya."

Alijifunga kitambaa. Mlangoni aligeuka. "Tumekubaliana, sivyo? Yameisha?"

Nilikuwa nachovya ncha za nywele za mteja mwingine. Sikusema neno.

Jumatatu saa tatu Joash alitoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja shuleni na sare yake ya ubawabu. Madam Vidya alitukaribisha ofisini, mama mdogo wa umbo, shali begani. Mwalimu Everlyn alikaa kando na kitambaa chake kichwani. Madam alisoma fomu mpya kwa makini, akitikisa kichwa kwa furaha.

"Hii ndio mimi nataka! Mimi nilileta hii fomu, nikasema mwalimu, mama, baba, wote nakaa pamoja. Hakuna mtu moja najua mtoto peke yake. Sikio lazima hospitali, wiki hii. Na Gredi ya Kwanza anaingia, bila shaka. Kazi nzuri, Everlyn."

"Asante, Madam," Mwalimu Everlyn akasema. Akanigeukia akatabasamu, kama watu wawili waliofanya kazi pamoja.

Ni lile tabasamu. Kama asingetabasamu, sijui. Nilifungua mkoba nikatoa ile nakala ya Septemba, nikailaza juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja. Chini ya meza Joash alinigusa mguu na buti lake. Yeye ni mtu wa amani. Nilisogeza mguu.

Madam Vidya alisoma kwa sauti. "Mzazi hana maoni. Tumekubaliana arudie." Akavua miwani. "Everlyn, hii mkono yako?"

"Ndiyo, Madam."

"Hii mama alikuwa hapa?"

"Hapana, Madam."

"Na hizi zingine ishirini na moja?"

"Hivyo hivyo, Madam."

Jioni hiyo Mwalimu Everlyn alikuja sokoni. Hakuwa na pa kwenda na kile kiganja cha nywele. Alikaa kwenye kiti changu, Anita akanikabidhi thelathini na tatu, nikaanza.

"Tulikubaliana," akasema baada ya muda mrefu.

"Uliandika tumekubaliana na mimi sikuwepo," nikamjibu. "Jumamosi ukasema tena tumekubaliana, na mimi nilinyamaza. Inamisha kichwa."

Aliinamisha.

Jumanne wageni walikuja, akatangazwa mwalimu mwingine. Madam Vidya hakumfukuza Mwalimu Everlyn. Alimwambia arudie fomu zote, moja moja, akimfuata mzazi mahali anapofanyia kazi au anapolala, hata likizo ikifika. Watoto wengine wanne wakatolewa kwenye orodha ya kurudia darasa. Mpaka Desemba nilimwona kila Jumamosi akipita safu zetu na faili, anakaa juu ya ndoo ya muuza nyanya, anaandika kwenye goti. Wenzangu walisema nimfungulie moyo, amekonda. Mimi nilimtazama tu akipita.

Hospitali huko Upper Hill walikuta maji nyuma ya ngoma ya sikio. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alisema yakikaa muda mrefu yanaganda, na tungefika mapema mwaka huu huenda dawa ingetosha. Sasa ilibidi apasuliwe kidogo. Nilikaa kwenye benchi la nje saa mbili nikiwa na soksi zake mkononi. Kwa saa hizo mbili nilimchukia Mwalimu Everlyn kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na kidogo nikajichukia mimi.

Fomu inasema mwalimu amfuate mzazi baada ya matibabu. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi alikuja kibandani, faili kifuani. Nilikuwa na kichwa cha mtu. Nilimwonyesha kigoda kwa kidevu, akangoja. Alingoja saa nne. Jacklyne alimpa chai, mimi sikumpa.

Nilipomaliza alifungua faili, akanitazama machoni. Siku hizi hunitazama machoni.

"Mama Anita, wiki hii umeona nini?"

"Muite," nikamwambia. "Ule upande."

Anita alikuwa ameinama karibu na mlango, anagawa nywele za mwanasesere kwa tatu, ametupa mgongo. Redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele. Mwalimu Everlyn aliinuka, akasogea mpaka nyuma ya bega lake la kushoto, akanong'ona jina lake.

Anita akageuka. "Naam, ticha?"

Mwalimu aliweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshika meza.

"Andika," nikamwambia. "Andika na tarehe ya leo. Na kando yake andika Februari."

Akaketi kwenye kigoda, akafungua kalamu, akaandika zote mbili.